Unataka Kupiga Njiwa wa Udongo na Huna Chuma? Anzia Hapa

Kisauni, Likoni ama Changamwe, chuma ni ya watu wawili tu: karao ama mwizi. So ukiambia mbogi yako unataka kupiga shabaha kama mchezo, watakuangalia mara mbili. Na si uongo, hapa kijana anaweza kupata balaa hata kwa kushika kitu kinachofanana na bunduki. Lakini huu mchezo uko Olimpiki, na unaanza na macho, sio chuma.

Uko hivi. Mtambo unarusha kisahani cha rangi ya chungwa, upana kama sentimita 11, na wewe unakivunja kikiwa hewani. Jina la njiwa limetoka kwa njiwa wa ukweli, maanake zamani ndio walipigwa, hadi Olimpiki ya Paris 1900. Udongo wenyewe haumo siku hizi: ni unga wa chokaa ulioshikwa na lami. Chokaa, yaani kitu Bamburi imechimbwa miaka na mikaka.

Bunduki yake ni shotgun, ile wazee wa Pwani wanaita bunduki ya marisau. Inatoa mamia ya vigololi vidogo kwa mpigo mmoja. Unafikiri basi ni rahisi? Zii. Hebu piga hesabu: kisahani kikipita mbele yako kwa kilomita 72 kwa saa, kinaenda mita 20 kila sekunde. Marisau yakichukua sehemu ya kumi ya sekunde kufika, kisahani kishasonga mita 2. Ukikilenga chenyewe, umepiga hewa.

Ni kama pasi ya winga, mpira unaenda mbele yake. Ama kama makanga anavyodandia mathree ikitembea (wewe usijaribu): anakimbia na spidi yake kwanza, ndio anaruka. Mdomo wa bunduki unakimbia na kisahani, unakipita, unafyatua, na hausimami. Beginner wengi wanakosea hapo, wanafyatua halafu wanaganda.

Sai fanya hii. Nyoosha mkono, funika kitu cha mbali na kidole gumba macho yote yakiwa wazi. Funga jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho lako la kulia ndio bosi. Kikiruka, bosi ni la kushoto. Kama unatumia mkono wa kulia na bosi ni la kushoto, mwambie mwalimu siku ya kwanza, la sivyo utakosa na hutajua kwa nini.

Na umri usikutishe. Ahmed Al Maktoum wa Dubai alipiga sahani 189 kati ya 200 Athens 2004, akawapa Emirati medali yao ya kwanza ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 40.

Sasa sheria, na hapa hakuna jokes. Firearms Act, Sura ya 114, inasema bila cheti huwezi kumiliki bunduki wala risasi, na cheti kinatoka Firearms Licensing Board. Msee wa mtaa anayesema atakupangia moja ya bei rahisi anakupangia jela. Usikope ya mtu, usipige picha nayo ya TikTok.

Njia ni klabu. Upande wetu kuna Bamburi Rifle Club. Klabu nyingi ni za bastola na raifo, so uliza mapema: marisau mnapiga? Mwanagenzi asiye na cheti anaruhusiwa nini? Kuna mwalimu? Raundi ya kawaida ni sahani 25, na kila mpigo ni risasi imelipiwa, so jua bei kabla hujatoka nyumbani.

Ukifika, utaona bunduki zimekunjwa wazi katikati ili kila mtu aone hazina kitu ndani. Yako nayo ikae hivyo mpaka zamu yako, mdomo usielekee mtu hata kama ni tupu. Vaa miwani na vizuia masikio. Kitako kibane begani kabisa, kikiachia nafasi kitakupiga ngumi, na kesho yake hata mkoba wa sokoni utakushinda.