Pazia la London Hufunguliwa Saa Moja na Nusu

Ikifika saa moja na nusu usiku, kumbi za maonyesho zipatazo arobaini katikati ya London huzima taa zake karibu kwa pamoja. Nje, kwenye barabara ya Shaftesbury na ile ya Strand, teksi nyeusi bado zinashusha waliochelewa, wanaokimbilia mlangoni huku wakitafuta tiketi kwenye simu. Ndani, katikati ya watalii na wenyeji, si ajabu kuwakuta marafiki wawili waliovaa vizuri kupita siku ya kawaida: mmoja ametimiza miaka thelathini, au hamsini, na mwenzake ndiye aliyenunua tiketi.

Safari ya bethdei si jambo geni tena. Wapo wanaokwenda Zanzibar, wapo wanaokwenda Dubai au Cape Town. Lakini miji mingi hukupa vya kutazama mchana, halafu jioni kinachobaki ni kula na kurudi hotelini. London ni kinyume chake. Eneo la West End, lenye kumbi hizo, limeifanya jioni kuwa ndiyo safari yenyewe. Kwa hiyo anayetaka ziara yake ifane hana budi kuipanga kuanzia kiti cha ukumbini, na majumba ya makumbusho na madaraja yajipange baadaye. Wengi huanza na orodha ndefu ya vivutio, wakifika wanakuta viti vizuri vimekwisha.

Tamthilia ya muziki ni hadithi inayosimuliwa kwa maneno, nyimbo na dansi kwa pamoja, na okestra ikipiga papo hapo, mara nyingi ndani ya shimo lililo mbele ya jukwaa. Kwa watu wa Afrika Mashariki wazo hilo halina ugeni. Miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na Tanzania One Theatre viliwakusanya watu kwa ngoma, maigizo, vichekesho na taarab katika usiku mmoja. Kenya nako, mwaka 1982, Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ waliandaa mchezo uliojaa nyimbo, Maitũ Njugĩra, wakazuiwa kuuonyesha Kenya National Theatre. Tofauti ya London ni uhai wa mchezo mmoja. Huko onyesho likipendwa hukaa katika ukumbi uleule miaka nenda miaka rudi, mara nane kwa wiki.

Les Misérables ni mfano mzuri. Hadithi yake ilitoka katika riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, na tamthilia ilifunguliwa London tarehe 8 Oktoba 1985. Wahakiki wengi waliiponda magazetini. Watazamaji hawakujali, walipanga foleni, na mchezo huo ungali upo, sasa katika ukumbi wa Sondheim. The Phantom of the Opera ya Andrew Lloyd Webber ilifuata mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1986. Ndugu yake wa New York alianza 1988 na kufungwa Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981. Mamma Mia!, iliyojengwa juu ya nyimbo za kundi la ABBA la Uswidi, ilianza 1999, Wicked, 2006. Na ukitoka kwenye muziki ukaingia kwenye michezo ya kawaida, The Mousetrap ya Agatha Christie ilianza London mwaka 1952. Ilisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi mwaka uliofuata.

Waigizaji, bila shaka, hubadilika. Nyuma ya kila nyota kuna wa akiba, na wapo wanaojua nafasi kadhaa kwa mpigo, tayari kuingia yeyote atakapougua. Mtazamaji akikuta tangazo kwamba mhusika mkuu leo anachezwa na mwingine, asinune. Mara nyingi huyo wa akiba ana hamu ya kuonyesha alichonacho kuliko mwenye nafasi.

Kama ni onyesho moja tu la kuchaguliwa, msomaji wa Kiswahili atavutwa na The Lion King, na hakosei. Lilianza New York mwaka 1997 na London Oktoba 1999, katika ukumbi wa Lyceum, ambao zamani uliwahi kuendeshwa na meneja aitwaye Bram Stoker, mtunzi wa Dracula. Mwongozaji wake, Julie Taymor, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Tony ya kuongoza tamthilia ya muziki, mwaka 1998. Alikataa kuwaficha waigizaji ndani ya mavazi ya wanyama. Barakoa ya simba inakaa juu ya kichwa, uso wa mtu unaonekana chini yake, na mtazamaji anawaona wote wawili kwa wakati mmoja. Twiga ni mtu anayetembea kwa miguu na mikono yote minne ikiwa juu ya magongo marefu. Tembo anabebwa na watu wanne, kila mmoja ndani ya mguu wake, na hapiti jukwaani kwanza: anaingia kwa mlango wa nyuma na kukatiza kati ya viti, karibu kiasi cha kumgusa.

Wahusika Simba na Rafiki wana majina ya nyumbani, lakini mwito wa kwanza unaofungua onyesho umo katika Kizulu, kazi ya mwanamuziki wa Afrika Kusini, Lebo M. Mswahili anayetegemea kuelewa kila neno ataambulia majina na tabasamu. Haidhuru. Dakika zile kumi za mwanzo ni sababu tosha ya kununua kiti.

Na kiti kipi? Hapo ndipo pesa inapopotea au kuokolewa. Kumbi nyingi za West End zilijengwa zama za Malkia Victoria na mwanawe Edward, na zimegawanyika kwa ghorofa: viti vya chini mbele ya jukwaa, roshani ya kwanza, roshani ya pili, na pengine ya tatu, iliyo juu na mwinuko mkali hata mwenye kizunguzungu hujuta. Bei hushuka kadiri unavyopanda. Kwa maonyesho mengi roshani ya kwanza, safu za mbele, ndiyo yenye picha kamili ya jukwaa. Kwa The Lion King hali ni tofauti, maana wa juu hawauoni msafara wa wanyama unaopita chini yao. Bora kiti cha chini, kando ya njia. Tiketi ikiandikwa kwamba mwonekano una kizuizi, kuna nguzo au ukingo wa chuma mbele ya macho. Wakati mwingine kizuizi chenyewe ni kidogo na punguzo ni kubwa, basi ni bahati. Mtu mrefu ahesabu pia magoti yake, kwani mafundi wa karne ya 19 hawakuyafikiria.

Katika uwanja wa Leicester Square kuna kibanda cha TKTS, kinachoendeshwa na chama cha wenye kumbi, ambacho huuza tiketi za punguzo. Kipo tangu 1980. Maonyesho kadhaa pia huachia viti vichache kila siku kwa bei ya chini, au huviendesha kama bahati nasibu kwenye programu za simu. Njia hizo zinamfaa mwenye siku kadhaa mjini na asiye na shauku ya onyesho moja maalumu. Mwenye bethdei, ambaye tarehe yake haisogei, anunue mapema moja kwa moja kwenye tovuti ya ukumbi. Walanguzi wa barabarani awapishe wapite. Jumatano, Alhamisi au Jumamosi kuna maonyesho ya mchana pia, kwa kawaida kuanzia saa nane na nusu, na mara nyingi katikati ya wiki huwa nafuu. Kuona mawili kwa siku moja kunawezekana. Kwa maoni ya gazeti hili ni ulafi: kila moja huchukua kati ya saa mbili na nusu na tatu, na la jioni hutazamwa kwa macho yaliyochoka.

Kwa anayetoka Nairobi au Dar kuna jambo linalotangulia yote hayo, nalo ni visa. Maombi ya visa ya kutembelea Uingereza hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3. Tiketi za ukumbini hazirudishwi pesa isipokuwa onyesho likifutwa. Rafiki mkarimu anayetaka kumshtukiza mwenzake na azingatie mpangilio huo.

Mchana, mji wenyewe ni wa bei nafuu kuliko sifa yake. British Museum, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1759, haina kiingilio. Vivyo hivyo National Gallery kwenye uwanja wa Trafalgar na Tate Modern kando ya mto Thames. British Museum ndimo vilimo vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani. Mwaka 2010 jumba hilo na BBC walivichagua vigae hivyo kuwa miongoni mwa vitu 100 vya kusimulia historia ya dunia, kwa kuwa ndani yake mna udongo wa China, wa Uajemi na wa pwani yenyewe. Basi la ghorofa mbili, namba 15, hupita Trafalgar na St Paul's hadi Tower of London, na nauli yake ni ya basi la kawaida tu. Kufikia 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unaruhusiwa kubadili mabasi bila kulipa tena. Pesa taslimu hazipokelewi tangu 2014, unagusisha kadi.

Marafiki wenye mapenzi ya muziki wanaweza kuifuata njia ya Mzanzibari mmoja. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, familia yake ikahamia Feltham, magharibi ya London, mwaka 1964, naye akaja kuitwa Freddie Mercury. Nyumba ile ya Feltham ina kibao cha buluu cha kumbukumbu tangu 2016. Na kwenye barabara ya Tottenham Court kuna ukumbi wa Dominion, ambako tamthilia iliyotungwa kwa nyimbo za kundi lake la Queen, We Will Rock You, ilikaa miaka 12, kuanzia 2002 hadi 2014. Wahakiki waliisagia meno hiyo nayo. Sanamu kubwa ya dhahabu ya Freddie, mkono juu, ilisimama juu ya mlango muda wote huo, na wapita njia waliitumia kama alama ya kukutania.

Lipo suala la adabu, na hapa mazoea ya pwani yanaweza kumponza mtu. Kwenye taarab, wimbo ukikuchoma unainuka, unacheza hadi mbele, unamtunza mwimbaji noti mkononi, na yeye anafurahi. West End ukifanya hivyo utatolewa nje. Hata kuimba pamoja na mwigizaji huleta ugomvi. Aprili 2023, mjini Manchester, onyesho la The Bodyguard lilisimamishwa karibu na mwisho kwa sababu baadhi ya watazamaji walikuwa wakiimba kwa sauti juu ya mwimbaji, na polisi wakaitwa. Anayehisi hawezi kujizuia achague Mamma Mia!, ambayo mwishoni kabisa, hadithi ikishakwisha, huwainua watu wote wacheze.

Katikati kuna mapumziko ya dakika kama 20. Pazia zito la chuma hushuka polepole mbele ya watu wote. Kanuni za moto zinataka watazamaji walione likifanya kazi. Wahudumu husimama kwenye njia na trei zilizofungwa kwa mkanda shingoni, wakiuza aiskrimu kwenye vikopo vidogo ambavyo kijiko chake kimefichwa chini ya mfuniko. Ni ghali kwa ukubwa wake, na karibu kila mtu hununua. Foleni ya choo cha wanawake ni ndefu kupita maelezo, kwa kuwa waliojenga kumbi hizo waliweka vyoo vichache, hivyo mwenye busara huinuka taa zinapowaka tu, bila kungoja makofi yaishe. Kinywaji huagizwa kabla ya onyesho kuanza, ukakikuta kimewekwa mezani na jina lako. Kijitabu cha onyesho huuzwa, tofauti na New York ambako hutolewa bure.

Likimalizika, wanaotaka sahihi hukimbilia mlango wa waigizaji, ambao mara nyingi uko kwenye kichochoro nyuma ya jengo. Si wote hutoka, hasa siku ya maonyesho mawili. Wenye njaa huvuka kwenda mtaa wa Wachina, hatua chache kutoka Leicester Square, ambako migahawa kadhaa hupika mpaka usiku mwingi na tambi za bata haziumizi mfuko. Ijumaa na Jumamosi baadhi ya treni za chini ya ardhi hukesha, utaratibu ulioanza 2016. Siku nyingine huisha baada ya saa sita usiku, na hapo ni mabasi ya usiku. Bili ya mgahawa, kwa desturi inayoeleweka bila kuandikwa, mwenye bethdei haigusi.