Muuguzi na Mgonjwa wa Kifua Kikuu: Miezi Sita ya Kujuana

Mchukuzi wa samaki pale Feri, au mbeba magunia wa soko la Kariakoo, hakubali upesi kwamba ni mgonjwa. Kikohozi kinachozidi majuma mawili huhesabiwa kuwa ni baridi ya alfajiri au vumbi la sokoni. Kohozi lake likipimwa na kukutwa bakteria wa kifua kikuu, hukabidhiwa kwa muuguzi asiyemjua. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani aliyetoa kitabu kuhusu uhusiano huu mwaka 1952, alianzia papo hapo: wawili hao hukutana wakiwa wageni.

Ugeni huo hauondolewi na maneno matamu. Huondolewa na jambo dogo lililotajwa mapema, likatokea kuwa kweli. Dawa iitwayo rifampisini huupa mkojo rangi ya chungwa. Mgonjwa asiyeambiwa hudhani anatoka damu, na huenda akavitupa vidonge siku hiyo hiyo. Aliyeambiwa huiona rangi ile akakumbuka, na neno la pili la muuguzi hulisadiki. Ndipo hueleza aliyoyaficha siku ya kwanza: kwamba hunywa pombe, au kwamba dawa humchafua tumbo kwa kuwa humeza bila kula. Hata miito hubadilika. Aliyekuwa “sista” huitwa “dada”, na aliyeitwa kwa namba ya kadi huitwa “kaka” au “mzee wangu”.

Hatari kubwa huja pamoja na nafuu. Dawa nne za miezi miwili ya kwanza huua upesi bakteria wanaozaana. Homa hukoma, uzito hurudi, na mtu haoni sababu ya kupoteza kibarua cha siku kwa ajili ya kliniki. Lakini wako bakteria wachache waliolala, ambao hufa polepole mno. Kwa ajili yao hubaki miezi minne zaidi ya dawa mbili. Anayeacha njiani huweza kurudiwa na ugonjwa, pengine ukiwa sugu. Katika miezi hiyo mwili haumhimizi tena mgonjwa. Humhimiza yule dada tu.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ukiongozwa na mawazo ya Dakta Karel Styblo. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu wa afya, mara nyingi akiwa amelazwa. Tangu mwaka 2006 aliruhusiwa kuchagua kumezea nyumbani, akisimamiwa na mtu amwaminiye. Wako wanaodhani kazi ya muuguzi imepungua. La hasha, sasa hana budi kuaminiwa na watu wawili, na mmoja wao haumwi.

Mwezi wa sita kohozi hupimwa tena, na likiwa safi kadi hufungwa. Peplau aliihesabu hatua hii pia: mgonjwa humwacha muuguzi, akajitegemea. Baadhi yao huonekana tena kliniki, wakimsindikiza mwenzao anayekohoa.