Sindano Moja kwa Juma: Kuishi na Dawa ya Baridi Yabisi

Kuna ugonjwa wa viungo ambao hauletwi na uzee, wala maji baridi, wala uchawi wa jirani. Waganga wanauita poliatriti rimatoidi. Wengi wetu tunasema tu baridi yabisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia viungo. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi mwili unakaa mgumu saa nzima au zaidi. Ugonjwa huu unawapata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume, mara nyingi wakiwa bado na watoto wa kulea na sombe ya kutwanga.

Dawa ambayo waganga huanza nayo mara nyingi ni metotreksati. Iko ya vidonge na iko ya sindano ya chini ya ngozi, ambayo mgonjwa anafundishwa kujidunga mwenyewe nyumbani. Kujidunga kunafundishika. Kuishi na dawa hiyo ndiko kunakotaka watu wa nyumba wajue, kwa maana hatari yake kubwa inatoka katika kunyamaza.

Mara moja kwa juma

Metotreksati ya baridi yabisi inatumiwa siku moja tu kwa juma. Kuna watu waliokufa kwa kuitumia kila siku kwa makosa. Chagua siku moja, tuseme siku ya posho jioni, uiandike kwa herufi kubwa ukutani. Mtoto anayejua kusoma atie alama kila sindano inapopita. Ukisahau, usidunge mbili pamoja. Uliza kituo cha afya.

Na usikate tamaa upesi. Dawa hii inachukua majuma sita hadi kumi na mawili mbele ya kuonyesha nguvu zake.

Namna ya kujidunga

Nawa mikono kwa sabuni. Chagua paja, au tumbo mbali kidogo na kitovu, na ubadilishe mahali kila juma. Safisha ngozi, ngoja ikauke, ishike kwa vidole, ingiza sindano kama muuguzi alivyokuonyesha. Ukimaliza usisugue. Wekundu mdogo unaopita wenyewe si jambo la kuogopesha. Kama vidole vimevimba na haviwezi kusukuma, fundisha mume au dada yako mbele ya muuguzi. Mwenye mimba asiguse dawa hii, wala watoto. Ikimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni.

Sindano iliyotumika haitupwi jalalani wala chooni. Itie ndani ya bido ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uiweke juu, na ikikaribia kujaa uirudishe kwenye kituo cha afya.

Metotreksati haihitaji frigo. Iweke mahali pa baridi kidogo, pasipo jua. Lakini sindano zingine za ugonjwa huu, kama adalimumabu, zinataka frigo na haziruhusiwi kuganda. Mahali ambapo umeme unakatika, mwambie muganga hilo kabla hajaandika dawa.

Siku inayofuata

Wengine wanasikia kichefuchefu, uchovu, kichwa kizito. Kwa wengi sindano inasumbua tumbo kidogo kuliko vidonge. Kula kwanza, jidunge jioni, kisha ulale. Muganga huandika pia asidi foliki, vidonge vinavyopunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu; vimeze siku aliyokupangia, isiyo siku ya sindano. Ukiona bado unateseka, usiache dawa kimya kimya. Kipimo kinaweza kubadilishwa. Ugonjwa ukiachwa bila dawa unakula viungo, na kiungo kilichoharibika hakirudi.

Mambo ya kusema kwa sauti

Homa. Kwetu kila homa tunaiita malaria. Mwenye kujidunga metotreksati akipata homa, vidonda mdomoni, damu inayotoka ovyo, macho ya manjano, kuhara au kutapika sana, ama kikohozi kikavu na pumzi fupi, asidunge sindano inayofuata. Aende hospitali siku hiyo hiyo, apimwe malaria, na apimwe damu pia.

Farmasi. Bactrim inauzwa kila kona, na watu wanaimeza kwa kikohozi au tumbo. Ikikutana na metotreksati inaweza kuharibu damu vibaya sana. Fansidar nayo ni ya kuogopwa. Kabla ya dawa yoyote, hata ya maumivu au ya miti, sema: "Ninajidunga metotreksati kila juma." Kasiksi na lotoko ziwekwe mbali, kwa sababu ini tayari lina kazi.

Mimba. Metotreksati inaweza kuharibu mimba au kuumiza mtoto tumboni, na haifai kwa anayenyonyesha. Mama anayeitumia anahitaji uzazi wa mpango wa kweli, na mume anapaswa kusikia sababu kutoka kwa muganga mwenyewe. Mkitaka mtoto, semeni miezi mingi mbele. Kuna dawa zinazoruhusiwa wakati wa mimba, kama sulfasalazini na hidroksiklorokini. Damu ikikosa kuja, usingoje: usidunge tena, nenda ukapimwe.

Kikundi kifanye nini?

Vipimo vya damu na ini vinarudiwa mara kwa mara, na vinalipiwa. Hapo kisanduku chetu kina kazi. Tena, siku inayofuata sindano, mama mmoja amchotee mwenzake maji na mwingine amtwangie sombe, bila kumwita mvivu. Ugumu wa asubuhi hauonekani kwa macho. Ikifika saa nne mgonjwa anaweza kutembea vizuri, na watu wanadhani alijifanya.

Anayekwenda kuonana na muganga juma hili abebe maswali matatu: Nimepimwa damu lini mara ya mwisho? Ni dawa gani nisichanganye na hii? Nikipata homa usiku, niende wapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaiona.