Kondo la Nyuma Linapokosa Oksijeni

Tunaliita kondo la nyuma kwa kuwa hutoka mtoto akishazaliwa. Jina hilo linalipunja. Miezi yote tisa lilikuwa mbele, likichuja kipi cha mama kimfikie mtoto na kipi kizuiwe.

Chukua kotisoli, homoni inayopanda mtu akihangaika, na ambayo katika ujauzito hupanda hata bila mahangaiko. Katika damu ya mama huwa nyingi mara kadhaa kuliko katika damu ya mtoto. Mtoto huihitaji mwishoni ili mapafu yakomae, lakini ikimfikia mapema na kwa wingi humdumaza. Kinachoizuia ni kimeng'enya kinachoandikwa 11β-HSD2: huigeuza kotisoli kuwa kotisoni, isiyo na makali. (Deksamethasoni, ile sindano ya mama anayekaribia kuzaa njiti, hupenya kwa sababu kimeng'enya hiki hakiimudu.)

Oksijeni inaingiaje hapa? Hadi wiki ya 10 hivi, seli za kondo lenyewe huwa zimeziba mishipa ya mama, na mimba hukua katika oksijeni kidogo bila shida yoyote. Balaa huja baadaye, mishipa hiyo isipotanuka ipasavyo, kama inavyotokea mara nyingi kwenye presha ya ujauzito inayotangulia kifafa cha mimba. Seli za kondo zikikuzwa maabara katika oksijeni haba, kazi ya 11β-HSD2 hupungua. Makondo ya akina mama wenye presha hiyo nayo yamepimwa, kimeng'enya kikakutwa kimepungua.

Aromatase, kimeng'enya cha kutengeneza estrojeni, kina deni la wazi zaidi: kila molekuli 1 ya estrojeni hugharimu molekuli 3 za oksijeni. Kwake oksijeni ni malighafi hasa.

Hata hivyo, mimi siwezi kuitwisha kotisoli mzigo wote wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Damu ikipungua kwenye kondo, chakula nacho hupungua. Asili nayo ina sehemu yake: La Paz, Bolivia, mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni ni haba, watoto huzaliwa wepesi kuliko wa nyanda za chini, ila wenye asili ya Andes hupungukiwa kidogo kuliko wa wageni, ingawa wote wanavuta hewa ileile.

Kliniki hakuna anayempima mjamzito 11β-HSD2. Hupimwa presha na protini kwenye mkojo, na mara nyingi hapo ndipo shida ya kondo hujitokeza.