Foto, Kompyuta na Macho ya Mtu



Siku hizi wengi wetu tunatengeneza foto ndani ya simu ao kompyuta. Tunaongeza mwangaza, tunafuta vidonda vya uso, tunamuweka rafiki mbele ya gorofa ambako hakufika hata siku moja. Kisha tunajiita mafundi. Lakini mashini inajua kile unataka kusema? Hapana. Hiyo ni kazi yako.

Tuangalie mfano wa hapa kwetu Congo. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi, mji wa shaba, mwaka 1978. Kampani ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Kisha uhuru, mwaka 1967, serikali ikaitwaa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Baloji alikuta fasi mingi za kazi zimebaki tupu, vyuma vimekamatwa na kutu. Wale waliotumika hapa wako wapi? Ulizo hilo njo lilimuonyesha njia.

Katika kazi yake « Mémoire » ya mwaka 2006, alitwaa foto za zamani za watu wa kazi wakati wa ukoloni. Kwa kompyuta aliwakata kwa kufuata mstari wa mwili, akawaweka juu ya foto mpya za zile fasi tupu. Ndani ya kompyuta kila foto iko sawa karatasi ya peke yake: ya juu unaweza kuisogeza, kuikuza ao kuipunguza bila kuharibu ya chini.

Tuone jambo moja. Foto ya fasi iko na rangi, lakini wale watu walibaki weusi na weupe. Angeweza kuwapaka rangi ili tudanganyike, hakufanya vile. Tunaona mara moja kwamba wametoka wakati mwingine, na tunaanza kuuliza pamoja naye.

Basi sisi tufanye namna gani?

1. Mbele ya kugusa kitu, andika sentensi moja: nataka mtu aone nini?
2. Chunga foto ya kwanza. Tumika juu ya kopi.
3. Kila badiliko, uliza kama linasaidia ile sentensi. Kama hapana, ondoa.
4. Ukihamisha mtu ao kitu, sema wazi chini ya foto.

Hiyo ya ine si mchezo. Foto ya mwenzako uliyemuweka katika baa ambako hakufika inaweza kumfukuzisha masomo, na kusema kisha kwamba ulikuwa unacheka tu hakutamrudishia jina lake.

Wenye kutengeneza foto, muletee kamati ya gazeti foto ya kwanza, foto ya mwisho, na ile sentensi moja. Tutazibandika pamoja ukutani, kila mtu aone njia mliyopita.

Kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita.