Chembe za Titani Zinazotoka Kwenye Vipandikizi vya Meno

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia. Tiba hii ilianzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Katika miaka ya 1950 aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza.

Titani inapogusa hewa au majimaji, mara moja hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo ndio unaoikinga dhidi ya kutu. Ukikwaruzwa hujiunda upya, lakini mkwaruzo huweza kuacha chembe nyuma yake.

Chembe za kwanza hutoka siku ya upandikizaji, skrubu inaposuguana na mfupa. Baadaye hutoka wakati wa kutafuna, hasa pale skrubu inapoungana na kiungo kinachobeba jino: kiungo kikilegea hata kidogo, metali husagana na metali. Asidi ya bakteria waliojazana kwenye fizi nayo hudhoofisha utando, na floraidi huongeza ulikaji panapokuwa na asidi. Usafishaji kwa vifaa vyenye ncha ya chuma huzidisha mikwaruzo.

Kipande cha fizi iliyo karibu na kipandikizi kikitazamwa kwa hadubini, chembe hizo huweza kuonekana kama vidoa vyeusi ndani ya tishu. Baadhi huwa zimemezwa na makrofaji, seli za kinga zinazokula vitu vigeni. Kwa kuwa titani haimeng'enyeki, seli hizo hutoa kemikali za kuchochea uvimbe. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kemikali hizo huweza kuziamsha seli zinazomomonyoa mfupa.

Titani nyingi zaidi imepatikana kando ya vipandikizi vilivyozungukwa na fizi na mfupa wenye ugonjwa wa uvimbe kuliko kando ya vilivyo salama. Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba chembe ndizo zilizoleta ugonjwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe huleta asidi, na matibabu yake huleta mikwaruzo. Tena, oksidi ya titani imo katika dawa nyingi za meno, hivyo si kila chembe hutokana na kipandikizi. Mzio halisi wa titani ni nadra.

Chanzo kikuu cha ugonjwa kinachojulikana ni utando wa bakteria, na hatari huongezeka kwa wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Kwa hiyo mwenye kipandikizi hana sababu ya kukiogopa, ila ana kila sababu ya kukitunza: apige mswaki kila siku, asafishwe kwa vifaa visivyokwaruza titani, na amwone daktari wa meno mapema fizi ikivuja damu, ikitoa usaha au jino likianza kucheza.