Diski Gani Inaifaa Laptopu Yako Kisiwani? Jua Kabla Hujatuma Pesa

Ukiwa Nairobi na unataka diski ya laptopu, unashuka Luthuli, unaingia maduka matatu, unashika, unauliza bei, na ikikataa kufanya kazi unairudisha kesho yake. Ukiwa Kizingitini mambo ni mengine. Diski itapanda basi mpaka Mokowe, itangoja boti, na boti nayo itangoja maji yajae ipite Mkanda. Ikifika na isiingie kwenye mashine yako, safari ya kuirudisha ni ile ile, na pesa zilishatoka kwenye simu yako kitambo.

Kwa hivyo leo hatutafuti diski yenye kasi kuliko zote. Tunatafuta ile inayoingia kwenye mashine yako, inayostahimili maisha ya kisiwani, na tunataka ujue hayo kabla hujaweka PIN.

Tuseme wewe ni katibu wa BMU au wa chama cha kina mama. Kwenye laptopu kuna rekodi za kilo za kamba na pweza, michango ya wanachama, nakala za vitambulisho na taarifa za miamala. Mashine ni ya mtumba, inachukua dakika kadhaa kuwaka, na siku hizi ndani kunasikika mlio wa kugonga: ka, ka, ka. Mlio huo usiupuuze. Kabla ya kununua chochote, nakili faili zako leo hii kwenye flashi. Rekodi za kikundi zikipotea hazinunuliki dukani.

Aina tatu utakazotajiwa

*HDD.* Hii ndiyo ya zamani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma bila kuzigusa. Bei yake ni nafuu ukilinganisha na nafasi unayopata. Kasi yake ni kama megabaiti 100 kwa sekunde.

*SSD ya SATA.* Hii haina kitu kinachozunguka, data hukaa kwenye chipu. Umbo lake la inchi 2.5 huingia pale pale ilipokuwa HDD ya laptopu. Kasi yake hufika karibu megabaiti 550 kwa sekunde.

*SSD ya NVMe.* Ni kijibao chembamba, mara nyingi chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kinachochomekwa kwenye nafasi iitwayo M.2. Hata za kizazi cha PCIe 3.0 hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde.

Ukisoma tarakimu hizo utasema NVMe ndiyo baba lao. Ngoja kwanza. Laptopu nyingi za mtumba za miaka ya 2010 mwanzoni hazina hata nafasi ya kuichomeka. Na kwa mtu anayeandika hesabu, kufungua barua pepe na kuchapisha ripoti, ile hatua ya kutoka HDD kwenda SSD yoyote ndiyo utakayoihisi. Kutoka SATA kwenda NVMe, huenda usione tofauti kabisa.

Mtihani wa boti

Ndani ya HDD inayofanya kazi, kichwa huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, nyembamba mara maelfu kuliko unywele. Sasa fikiria boti ya kwenda Lamu wakati wa kusi, inavyopiga mawimbi. Laptopu iliyofunikwa tu bila kuzimwa inaweza kuamka yenyewe ndani ya mkoba, na diski ikagongwa ikiwa inazunguka. Ukiwa bado una HDD, izime kabisa kabla hujashuka gatini.

SSD haina kichwa wala sahani, kwa hiyo mitikisiko haiitishi. Kwa mtu anayesafiri na laptopu kwa boti, hii ndiyo sababu kubwa ya kubadilisha, kuliko hata kasi. Lakini usidanganywe kwamba SSD haidhuriki. Maji ya chumvi hula miguu ya shaba ya kifaa chochote, kwa hivyo mfuko usiopitisha maji bado unahitajika.

Tena SSD ina tabia moja mbaya: HDD mara nyingi hulalamika kabla ya kufa, SSD inaweza kuzimika siku moja bila kuaga. Kwa hiyo nakala ya pili ni lazima.

Uliza haya kabla ya kulipa

- *Laptopu yangu inakubali ipi?* Mtumie fundi jina kamili na namba ya modeli, iliyoandikwa chini ya mashine. Ikiwezekana fungua kifuniko, piga picha nafasi ya diski.
- *Ikiwa ina M.2, ni ya SATA au NVMe?* Nafasi zinafanana, lakini si kila nafasi inakubali zote mbili. Usikisie kwa macho.
- *Diski inatoka kweli?* Kwenye laptopu ndogo za bei nafuu, hifadhi ya aina ya eMMC huwa imechomelewa kwenye bodi. Hiyo haibadilishwi.
- *Nahitaji ukubwa gani?* Kwa rekodi na nyaraka, GB 256 zinatosha. Ukihifadhi video, anza na 512. Usishtuke GB 500 ikionekana 465 kwenye Windows; ni hesabu mbili tofauti, hujaibiwa.
- *Ni mpya au imetumika?* Ikiwa imetumika, omba picha ya programu ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na hali yake.

Ukiona diski ya TB 2 inauzwa bei ya flashi, kaa mbali. Kuna vifaa vilivyochezewa vioneshe nafasi ambayo havina, na faili huharibika vikijaa. Programu ya bure ya H2testw hukijaza kifaa kisha hukisoma chote. Ukweli hujulikana hapo.

Lipa kwa akili

Lipa kwa nambari ya till ya duka, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa tofauti na la duka, acha, piga simu uulize. Muuzaji akikubali, toa kiasi kidogo kwanza na umalizie mzigo ukifika.

Hifadhi ujumbe wa muamala, na uombe risiti yenye modeli, muda wa waranti na nambari ya kifaa iliyo kwenye lebo. Mzigo ukifika, linganisha nambari hiyo. Na fundi asikuombe PIN "akusaidie kulipa". Fundi wa kweli haihitaji.

Diski ya zamani usiitupe

Kama bado nzima, itie kwenye kava ya USB iwe ghala la nakala. Hapo HDD bado ina kazi: nafasi kubwa kwa bei ndogo, na ikikaa kabatini haina wasiwasi wa SSD, ambayo ikiachwa muda mrefu bila umeme, hasa kwenye joto, inaweza kupoteza data. Ile inayogonga, usiiamini tena.

Ukitaka kuiuza, kumbuka kufuta faili kwa kawaida hakuziondoi. Mtu mwenye programu anaweza kuzirudisha. Chagua ufutaji kamili wa diski nzima. Humo mna vitambulisho vya wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Kwa ufupi: laptopu ya zamani yenye HDD, safari za boti na kazi za ofisi, SSD ya SATA ya GB 256 au 512 inatosha. NVMe ni ya mashine inayoikubali, na bei zikikaribiana, ichukue.

Basi leo, geuza laptopu yako, andika namba ya modeli, mpigie fundi. Simu hiyo ni rahisi kuliko nauli ya kurudisha mzigo Mokowe.